Kapu la Jumapili: Historia ya Chungu Chetu, kutoka Katanga hadi Gare du Midi

Makala haya yalianzia mezani kwetu, Jumapili moja ya mwezi wa kumi. Mjomba wangu alikuja kutoka Liège kula nasi. Mama alikuwa amepika bukari, yaani ugali kama tunavyouita sisi watu wa Katanga, pamoja na samaki wa kukaanga na mboga ya kijani iliyotiwa mawese na karanga. Mjomba alimega tonge la kwanza, akamega la pili, kisha akaweka mkono kando ya sahani na kusema, "Mdogo wangu, hii si sombe."

Kweli, haikuwa sombe. Ilikuwa spinachi, ile ya majani mapana yenye shina jeupe, niliyoibeba mwenyewe asubuhi ile kutoka soko la Gare du Midi. Sombe, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita kisamvu, inapatikana hapa Brussels ikiwa imetwangwa na kugandishwa. Lakini kwetu tuko watano, na pakiti moja haitoshi watu watano. Mama alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. Hakubishana na kaka yake. Alisema tu, "Kula, yaya, chakula kinapoa." Jumapili iliyofuata hakupika mboga ile, wala iliyofuata tena. Tulikula makaroni.

Niliona aibu ambayo sikuielewa. Je, mboga ya mama ilikuwa ya bandia? Chakula cha nyumbani ni kipi hasa, na nani aliamua kwamba ni hicho? Klabu yetu ilipotangaza kwamba toleo hili litakuwa na makala za historia, niliona ni nafasi ya kulitafutia swali hilo jibu. Niliyoyapata ninayaleta kwenu, walimu wetu na wanachama wenzangu, kwa sababu najua wengi wenu mmewahi kusikia maneno kama yale ya mjomba mkiwa mezani kwenu.

Soko chini ya reli

Wageni wanaijua Gare du Midi kama mahali pa kupanda treni za kwenda Paris na London. Jina lake lina mchezo ndani yake. Kwa Kifaransa neno "midi" ni saa sita mchana, na pia ni upande wa kusini. Kwa Kiholanzi mambo ni wazi zaidi: ni Stesheni ya Kusini tu. Stesheni ya kwanza ya upande huu wa mji ilifunguliwa mwaka 1840, karibu zaidi na katikati ya Brussels. Mwaka 1869 ikahamishiwa Saint-Gilles, mahali ilipo hadi leo. Jengo la sasa linatokana na kazi kubwa ya kuunganisha Stesheni ya Kusini na ile ya Kaskazini kwa reli inayopita chini ya mji, reli iliyozinduliwa mwezi Oktoba 1952. Njia za treni zimeinuliwa juu ya ardhi, na chini yake na kando yake kuna uwanja mpana. Kila Jumapili asubuhi uwanja huo hujaa mamia ya meza za wauzaji.

Anayetaka kujua ni nani waliojenga Ubelgiji ya baada ya vita, na apite hapo saa nne asubuhi. Mwaka 1946 Ubelgiji ilitia saini mkataba na Italia ili kupata wachimbaji wa makaa ya mawe. Baadaye ikafuata Hispania, kisha Ugiriki. Mwezi Februari 1964 ukaja mkataba na Moroko, na mwaka huo huo mkataba na Uturuki. Waliokuja kwa mikataba hiyo walishuka kwenye treni, wakapanga vyumba katika mitaa ya karibu, na wengi wao hawakuondoka tena. Ndiyo maana sokoni kuna zeituni za rangi zote, mafungu ya nanaa na kotmiri, jibini, chapati za Kimoroko zinazopakwa asali, na magunia ya semule.

Wakongo hawakuja kwa mkataba wa aina hiyo. Wakati wa ukoloni, serikali ya Ubelgiji haikupenda kuona Wakongo wakija Ulaya, na waliofika kabla ya mwaka 1960 walikuwa wachache sana. Baada ya uhuru walikuja wanafunzi, wafanyabiashara na wanadiplomasia, kisha wakimbizi. Wao walijenga kitovu chao upande mwingine wa mji, Ixelles, katika mtaa ulioitwa Matonge kwa kufuata mtaa wa Kinshasa. Matonge ndiko kwenye sombe, mawese, makayabu na unga wa muhogo. Lakini bidhaa hizo zimesafiri mbali, na bei yake inaonyesha safari hiyo. Kwa hiyo familia nyingi kama yetu zina njia mbili: Matonge kwa vile visivyoweza kupatikana kwingine, na Midi kwa vinavyojaza tumbo wiki nzima.

Hesabu zilizoanzia mji huu huu

Nilipoanza kutafuta historia ya bajeti ya chakula, nilidhani nitaangukia vitabu vya Uingereza au Marekani. Kumbe mmoja wa waanzilishi wa jambo hili alizaliwa Brussels. Aliitwa Édouard Ducpétiaux, mkaguzi mkuu wa magereza ya Ubelgiji. Mwaka 1855 alichapisha uchunguzi wa bajeti za karibu familia 200 za wafanyakazi wa Ubelgiji. Aliorodhesha mapato yao na matumizi yao: mkate, viazi, nyama, kodi ya nyumba, nguo. Aligawa familia katika makundi matatu: zilizotegemea msaada, zilizojimudu kwa shida, na zenye nafuu kidogo.

Miaka 2 baadaye, mwanatakwimu Mjerumani Ernst Engel (si Friedrich Engels, rafiki yake Marx) alizichukua hesabu hizo na kuona jambo moja: kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Kwa familia maskini zaidi za Ducpétiaux, sehemu hiyo ilikuwa karibu asilimia 70. Kwa zile zenye nafuu ilikuwa zaidi kidogo ya asilimia 60. Wanafunzi wa uchumi duniani kote hujifunza kanuni hiyo ya Engel, lakini wachache wanajua kwamba ilitoka kwenye vyungu vya Ubelgiji. Ducpétiaux, kwa kuwa alijua vizuri chakula cha magereza, aliona pia kwamba ni familia chache za wafanyakazi zilizoweza kula kama mfungwa.

Hesabu hizi hazijapitwa na wakati. Mwezi Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini Ubelgiji ulipita asilimia 12. Hapa kuna utaratibu wa kupandisha mishahara bei zinapopanda, kwa kufuata kapu la bidhaa linalohesabiwa kila mwezi. Ni utaratibu mzuri, na nchi nyingi hazina. Lakini mshahara haupandi siku ile ile bei inapopanda, na mtu anayefanya usafi kwa saa chache hapa na saa chache pale anaongezewa kwa zile saa chache tu. Ni wakati huo ndipo mama alipoanza kupika spinachi kwa namna ya sombe.

Posho

Sasa twende Katanga, maana ndiko ile "sombe ya kweli" ya mjomba ilikotoka.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika mahali palipojengwa mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Migodi ilihitaji watu wengi, na eneo lile halikuwa na watu wa kutosha wala mashamba ya kuwalisha. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, na baadaye Ruanda-Urundi. Unga nao uliletwa kwa reli, na mara nyingi ulikuwa unga wa mahindi kutoka kusini. Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi wengi walikufa kambini kwa magonjwa, na chakula duni kilichangia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mbinu. Badala ya kuleta wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha, iliamua kuwakalisha pamoja na wake na watoto wao, ikawapa nyumba, shule, hospitali na posho ya kila wiki: unga, maharagwe, karanga, mawese, chumvi, na nyama au samaki mkavu.

Neno "posho" linastahili mwanafunzi wa Kiswahili alisimamie kidogo. Maana yake ya zamani ni chakula cha safari au cha kazi, anachopewa mpagazi, askari au kibarua. Uganda neno hilo limekuwa jina la ugali wenyewe, kwa sababu unga wa mahindi ndio uliogawiwa shuleni, jeshini na mashambani. Tanzania limekuwa fedha anayolipwa mbunge kwa kuhudhuria kikao. Katanga lilibaki na maana ya chakula cha kampuni. Neno moja linatuonyesha historia ya kazi Afrika Mashariki na Kati: popote linapotajwa, kuna mtu anayegawa na mtu anayepokea.

Na tuwe wakweli: posho ilishibisha. Nkambo wangu, yaani bibi yangu, alizaliwa Likasi wakati mji huo ukiitwa Jadotville, na akili yake bado ni kali. Nilipompigia simu kumwuliza juu ya chakula cha utoto wake, alianza kucheka kwa furaha. Anakumbuka harufu ya mawese siku ya kugawiwa, na jinsi watoto walivyotumwa na mabakuli. Lakini alinieleza pia jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Mama yake alikuwa hatumii posho yote. Maharagwe mengine aliyabadilisha kwa wanawake waliotoka vijijini na mboga mbichi: matembele, majani ya maboga, lengalenga. "Posho ilikuwa ya kampuni," Nkambo aliniambia, "lakini mboga ilikuwa ya mama."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Kampuni ilipima chakula kwa ajili ya nguvu za mfanyakazi, kama mtu anavyopima mafuta ya mashine. Lakini mama yule alitaka kuamua mwenyewe walau sehemu moja ya chungu chake. Aliposimama na bakuli la maharagwe mbele ya mwanamke wa kijijini, akichagua fungu lipi ni bichi na fungu lipi limenyauka, alikuwa anafanya jambo ambalo foleni ya posho haikumruhusu kulifanya.

Foleni mbili na mtu mmoja

Hapa historia ilinishangaza. Nilidhani foleni ya chakula ni habari ya Katanga tu, kumbe Brussels nayo imepanga foleni.

Mwaka 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji, na nchi hii, ambayo ilinunua sehemu kubwa ya ngano yake nje, ilikabiliwa na njaa. Mwezi Oktoba 1914 iliundwa tume ya kuleta chakula, ikiongozwa na Mmarekani Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani. Ndani ya nchi, ugawaji ulifanywa na Kamati ya Taifa ya Misaada na Chakula. Miaka yote ile ya vita, mamilioni ya Wabelgiji waliishi kwa mkate wa mgawo na supu ya foleni. Magunia matupu ya unga wa Marekani yalitariziwa maua na wanawake, na baadhi yake yamehifadhiwa katika makumbusho hadi leo.

Aliyeongoza kamati ya utendaji ya kazi ile ndani ya Ubelgiji aliitwa Émile Francqui. Jina hilo linajulikana Katanga pia. Akiwa afisa kijana, kati ya mwaka 1891 na 1893, Francqui alikuwa katika msafara uliotumwa Katanga kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, na kiongozi wa msafara alipofariki, yeye ndiye aliyeshika uongozi. Baadaye akawa mkurugenzi wa Société Générale, benki iliyokuwa miongoni mwa waanzilishi wa Union Minière. Mtu mmoja, basi, anasimama karibu na foleni zote mbili.

Lakini foleni hizo hazikuisha namna moja. Vita vilipokwisha, Wabelgiji walidai haki zao na nyingine wakazipata: mwaka 1919 wanaume wote walipiga kura wakiwa sawa, na mwaka 1920 serikali ikaanza kuchapisha kipimo cha bei za bidhaa, kile kile ambacho mishahara ya leo inakifuata. Katanga mambo yalikuwa tofauti. Wakati wa vita vya pili vya dunia bei zilipanda sana, na shaba ya Katanga ilihitajiwa na majeshi. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba, askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Makumi ya watu waliuawa. Waliodai fedha ya kununua chakula chao wenyewe walijibiwa kwa bunduki, na mfumo wa posho ukaendelea.

Uliendelea hata baada ya uhuru, wakati migodi ilipotaifishwa na kuwa kampuni ya serikali. Uchumi wa Zaire ulipoanguka katika miaka ya 1980 na 1990, posho nayo ikaanza kupungua, kuchelewa, na hatimaye kukoma. Familia zilizozoea kupokea gunia la unga zilijikuta hazina kitu. Walioziokoa wengi wao walikuwa wanawake. Walilima viwanja nje ya mji, wakauza mikate ya kukaanga na mafungu ya makaa, wakanunua unga kwa kipimo cha kopo badala ya gunia. Mama yangu alikua katika miaka hiyo, na alijifunza kuhesabu kwa makopo kabla ya kujifunza kuhesabu shuleni.

Cha asili ni kipi?

Turudi kwenye sahani ya mjomba, tukiangalie kila kitu kilichokuwa juu yake.

Bukari ya mahindi: mahindi yalitoka Amerika. Kabla yake, ugali wa sehemu nyingi za Afrika ulikuwa wa mtama na ulezi. Katika miji ya migodi unga wa mahindi ulienea kwa sababu ulikuwa rahisi kusafirisha na kugawa. Hadi leo Lubumbashi hutegemea sana mahindi yanayotoka Zambia, na mpaka ukifungwa, bei hupanda papo hapo.

Sombe yenyewe: muhogo ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16. Majani yake mabichi yana sumu, na huhitaji kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Kuna mtu wa kwanza aliyefanya kazi hiyo, na naamini hakuifanya kwa kupenda ladha. Alikuwa na majani mengi na mboga chache.

Karanga, nyanya, pilipili na maharagwe ya kawaida: vyote asili yake ni Amerika. Makayabu, yule samaki wa chumvi tunayempika siku za sherehe, ni samaki wa bahari za baridi, kama zile za Norway. Watumiaji wake wakubwa ni Wareno, ndiyo maana maduka ya Wareno ya Saint-Gilles humwuza pia. Kati ya vyote hivi, mwenyeji wa Kongo tangu kale ni mchikichi unaotupa mawese.

Mfano unaonipendeza kuliko yote unatoka Kivu. Mtu wa Bukavu au Goma akiwa ughaibuni huota sambaza, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu vinavyoliwa vyote, kichwa na mkia. Hakuna kinachoonekana cha asili kuliko sambaza. Lakini Ziwa Kivu halikuwa navyo. Vililetwa kutoka Ziwa Tanganyika na kumwagwa ndani ya Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mzee wa Bukavu mwenye umri wa Nkambo wangu amewahi kuishi bila sambaza. Katika maisha ya mtu mmoja, kitu kigeni kimekuwa ladha ya nyumbani.

Sisemi kwamba hakuna chakula cha kwetu. Kipo. Lakini kilichokifanya kuwa cha kwetu si mmea. Ni namna ya kupika: mboga iliyokatwakatwa vizuri, ikapikwa polepole, ikanoneshwa kwa karanga, ikaliwa kwa mkono pamoja na tonge la ugali, na ikatosha watu wote waliokuwepo, pamoja na yule aliyefika bila taarifa. Tena ni mlo wenye busara. Nafaka na maharagwe hukamilishana katika kuujenga mwili. Mboga ya majani na visamaki vinavyoliwa na mifupa yake huongeza vile ambavyo ugali hauna. Akina nyanya zetu walijua hivyo kwa uzoefu, na walifanya hivyo kwa fedha kidogo.

Kapu lenyewe

Tunatoka nyumbani Anderlecht saa tano asubuhi, maana wanaokuja mapema hulipia uzuri wa bidhaa. Mama hubeba noti za euro 40 na hana kadi mfukoni, zikiisha, zimeisha. Sheria ya kwanza: kuzunguka soko zima mara moja bila kununua kitu. Sheria ya pili: vizito mwisho. Sheria ya tatu: usiende na njaa, utanunua chapati za asali na kumaliza fedha ya vitunguu.

Saa sita ikipita, sauti hubadilika. Wauzaji wanataka kufunga, na mboga za majani haziwezi kungoja Jumapili ijayo. Mafungu ya spinachi huuzwa matatu kwa bei ya moja. Nyanya zilizoiva sana huuzwa kwa sanduku, na jioni hiyo hiyo huchemshwa na kuwekwa kwenye jokofu. Tunanunua viazi, vitunguu, pilipili, kotmiri, ndizi, na semule, ambayo Wamoroko huifanyia kuskusi na sisi huisongea bukari mwisho wa mwezi unga unapokwisha. Mawese tunayo tayari, chupa moja kutoka Matonge ambayo hutumiwa kwa kijiko kama dawa.

Muuzaji mmoja mzee wa Kimoroko anamjua mama. Humwita "mama Africa", na mama humjibu kwamba Moroko nayo iko Afrika. Wanacheka kila wiki kwa utani ule ule. Kisha mama huchagua fungu lake. Hulipindua, hunusa, hurudisha, huchukua lingine. Zamani nilikuwa naona haya akichukua muda mrefu namna ile. Siku hizi, nikimtazama, namkumbuka mama yake Nkambo na bakuli lake la maharagwe. Tena nakumbuka wale waliouawa mwaka 1941, ambao katika madai yao kulikuwa na jambo dogo kama hili: kuwa na fedha yako mkononi, ukasimama mbele ya mboga, ukachagua.

Jibu la Nkambo

Kabla ya kumaliza makala haya, nilimwuliza Nkambo swali la mjomba. Je, spinachi ikipikwa kama sombe, ni sombe? Alinijibu kwa Kiswahili chake cha Likasi, ambacho nakiandika kama kilivyo kwa sababu kinastahili kuheshimiwa katika jarida hili: "Mwana, mboga njo ile iko mu nyungu." Yaani, mboga ni ile iliyomo chunguni. Kisha akaniambia kwamba kwao mama yake, kule kijijini, sombe ilikuwa haipikwi sana. Mama yake alijifunza kuipika kambini, kwa jirani aliyetoka Kasai. Sombe ambayo mjomba anaililia, ya mikono ya Nkambo, ilikuwa ya kuazima.

Nilimsomea mama makala haya jikoni kwa sauti, kwa kuwa yeye husoma Kiswahili sanifu kwa shida na mimi husikia cha kwake kuliko ninavyokiongea. Alinisahihisha mahali pawili. La kwanza, alisema mafungu matatu kwa bei ya moja si kila wiki, nisiwadanganye watu. La pili, alisema niandike kwamba mashina meupe hayatupwi. Hukatwa madogo na kutangulia kuingia chunguni. Juu ya mjomba hakusema kitu.

Mjomba alikuja tena mwezi uliopita. Mama alipika spinachi, na safari hii aliitangulizia jina. "Yaya," alimwambia akiweka bakuli mezani, "leo ni mboga ya Midi." Mjomba alinawa, akamega tonge, akala. Aliuliza kama kuna pilipili. Nikamletea.

Nina ombi moja kwa wanachama wa klabu. Ducpétiaux aliandika bajeti za familia 200 na kuacha kumbukumbu ambayo dunia bado inaitumia, ingawa hakuwauliza akina mama wale walipenda kula nini. Sisi tunaweza kuuliza. Kila mmoja wetu aandike kapu la wiki moja la nyumbani kwao: kilichonunuliwa, mahali kiliponunuliwa, bei yake, jina lake kwa Kiswahili cha kwao, na kilichotumika badala ya kile kilichokosekana. Nimeanza na la kwetu. Daftari lipo kwenye chumba cha klabu, juu ya kabati la vitabu, na ukurasa wa pili ni mtupu.